Mlango Ambao Haukuwa Kwenye Mchoro

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa idara ya ujenzi mlinizawadia bati ishirini. Fundi anastaafu ili apumzike, mnampa bati. Mume wangu alizitazama zilivyoegemea ukutani akasema, "Mama Futi, hawa bado hawajakuachia." Nawashukuru hata hivyo. Nimeshaezeka banda la kuku, na msumari wa kwanza ulipinda, kwa sababu mkono wangu siku hizi umezoea kuelekeza kuliko kupiga.

Siku ileile mmoja wenu aliniomba niandike uzoefu wangu. Nimekubali, ila habari za vyeo na mishahara msizitarajie. Hizo zimo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limewahi kupotea mara mbili. Nitaandika yale ambayo hayamo humo.

Nilikuwa fundi sanifu wa majengo. Kwa jirani atakayeyasoma haya bila kuijua kazi hiyo: mhandisi anatia saini, fundi anajenga, na fundi sanifu anakwenda na futi kuhakikisha kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Kikienda vizuri anapongezwa mhandisi. Kikipasuka naitwa mimi.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Tunduma na viatu vya kisigino. Nilipokewa na Mzee Simfukwe, fundi mkuu, mtu mfupi ambaye penseli yake ilikaa nyuma ya sikio hata kanisani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama miguuni.

"Binti, hivyo viatu umemvalia nani? Zege halina macho."

Nilidhani atanipa mchoro nisome. Badala yake akanipeleka kwenye vibanda kumi na viwili vya biashara ambavyo ofisi ilikuwa imevimaliza karibu na boda, akanikalisha kwa mama muuza chai, akasema, "Kaa hapa. Tazama miguu ya watu. Nitarudi mchana." Akaondoka. Nikakaa, nimekasirika, maana diploma yangu haikuwa ya kutazama miguu.

Ilipofika saa nne hasira ilianza kupungua. Vibanda vyote vilitazama barabara kuu, kama mchoro ulivyotaka, na barabarani malori yalikuwa yamepangana pua kwa mkia, dereva huyu akimpigia honi mwenzake ambaye hata yeye hana pa kwenda. Hakuna mteja aliyetokea upande ule. Wateja, wengi wao akina mama kutoka ng'ambo ya Zambia, walikuja kwa kichochoro cha nyuma na mizigo kichwani, wakisalimia "Mwapoleni mukwai," wakazunguka vibanda wakitafuta pa kuingilia. Wiki ya pili wenye vibanda walikwisha kubomoa kuta za nyuma na kuweka madirisha ya kuuzia. Milango yetu ya mbele ikageuka mahali pa kuanikia nguo. Ofisini wapo waliotaka watu wale waadhibiwe kwa kuharibu jengo. Mzee Simfukwe akasema tu, "Wametumalizia kazi tuliyoiacha nusu."

Miaka minane nilimfuata mzee yule. Alinifundisha kuiamini timazi kuliko pima maji ya bei nafuu, kwa sababu kamba yenye uzito haijui kusema uongo. Alinifundisha kulowesha tofali la kuchoma kabla ya kulijenga, na kulikataa tofali likiwa bado kwenye tela, maana likishashushwa aibu inakuwa yako. Akanionyesha pia kwamba nyumba nayo inajenga watu. Tuliwahi kuletewa malalamiko ya walimu wawili kule Mkwajuni, marafiki wa tangu chuo, waliopewa nyumba pacha yenye kibaraza kimoja cha kupikia. Baada ya miezi sita walikuwa hawasalimiani. Mkuu wa shule aliitisha vikao, mchungaji akaja. Mzee Simfukwe akaja na matofali, akapandisha ukuta wa kufika kifuani katikati ya kibaraza. Mwezi uliofuata nilipita, nikawakuta wameegemea ukuta ule, huyu upande huu na yule upande ule, wanachambua maharage na kucheka.

Kwa hiyo msifikiri sikufundishwa. Nataka hilo lieleweke kabla sijawasimulia nilivyokosea.

Mzee alipostaafu nilihamishiwa milimani Ileje. Nilikabidhiwa kusimamia zahanati katika kijiji kimoja kilicho juu zaidi ya Ibaba, kule ambako asubuhi ukivua koti unajuta. Jina la kijiji naliacha. Watu wa pale walijitolea kwa namna ambayo sijaiona tena. Wanaume walichoma matofali, wanawake wakapandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, na aliyewapanga wote alikuwa Mzee Msukwa, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Kijiji kilikuwa kimechoka kubeba wajawazito kwa machela hadi bondeni. Walitaka chumba cha kujifungulia, hawakuficha.

Mchoro ulitoka juu, uleule kwa bonde lenye joto na mlima wenye baridi. Ulikuwa na kibaraza kipana mbele, mlango mmoja mkubwa, ukumbi, chumba cha mganga kushoto na chumba cha kujifungulia mwisho kabisa upande wa nyuma. Kitu kimoja tu niliachiwa kuamua, yaani uso wa jengo utazame wapi. Nikauelekeza mashariki ili jua la asubuhi lipashe kibaraza. Nilijiona mjanja sana. Tulipokabidhi, mgeni wa heshima aliusifu ule mpango wa jua kwenye hotuba, na mimi nikainama kana kwamba nina haya.

Jengo likaanza kufanya kazi. Wazee wa kijiji waligundua upesi kwamba hakuna mahali pengine mlimani penye jua la mapema na benchi la saruji. Walikuja kupima presha, wakabaki. Baada ya mwezi hawakusingizia tena presha. Kuanzia saa moja asubuhi hadi mchana kibaraza kilikuwa chao, na habari zote za kijiji zilipitia pale.

Chumba cha kujifungulia kikabaki kitupu.

Nesi wa pale alikuwa Atupele, msichana wa Iyula, mchapakazi, anayeongea haraka. Alinipigia simu mara kwa mara. "Mama, sielewi. Siku ya kliniki wanajaa hadi nje. Siku ya kuzaa simwoni mtu. Wanazalia nyumbani, wananiletea watoto wamefungwa vitovu kwa uzi wa gunia." Ofisini jibu lilikuwa tayari, kama kawaida: mwamko mdogo. Wakatumwa wataalamu wa kuelimisha. Wanawake walisikiliza, wakapiga makofi, wakaitikia ndiyo kwa pamoja, wakaenda kuzalia nyumbani.

Mimi nilipanda kule baada ya masika kwa jambo jingine kabisa, kukagua nyufa kwenye sakafu ya kibaraza. Ilikuwa yapata saa mbili. Wazee sita walikuwa benchini, Mzee Msukwa mwishoni, karibu na mlango. Nilikuwa nimepiga magoti, futi mkononi, nikiwaomba wanyanyue miguu mmoja mmoja, nao wakinitania kwamba Mama Futi sasa anawapimia majeneza.

Ghafla utani ukakatika. Niliinua kichwa. Kwenye kona ya njia walikuwa wamesimama wanawake wawili. Mmoja wa makamo, nilimfahamu, ni mke wa Mzee Msukwa. Mwingine alikuwa kijana, ameshika mti wa uzio kwa mikono miwili, tumbo limeshuka. Alitazama kibaraza mara moja tu. Akavuta kitenge kikafunika kichwa na uso, akageuka, akaacha njia na kuzama kwenye mahindi. Mzee Msukwa naye alikuwa ameshageukia ukuta, kofia ameivuta hadi puani.

Alikuwa mkwe wake, Tusekile, mke wa mwanawe.

Kwa wale msiotoka huku: katika familia nyingi za milima ile, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Hawasemezani, hawatajani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaacha njia, na mwanamume anageuza uso. Ni heshima, na wanaoishika wanaishika pande zote mbili. Siku ya kliniki ilikuwa siku ya gulio, wazee wote wakiwa gulioni, ndiyo maana wanawake walijaa. Kliniki ina ratiba. Uchungu hauna.

Na mimi je? Mimi nimeolewa Ileje hiyohiyo. Kwa miaka yote, nikifika kwa baba mkwe wangu, gari linaniacha mbali, nazunguka shamba la migomba na kuingilia jikoni. Sijawahi hata siku moja kuukanyaga uwanja wake wa mbele. Miguu yangu iliyajua yote hayo. Nilipokaa mezani na mchoro wa serikali nikaona mambo ya miguu yangu ni ya nyumbani, ya kishamba kidogo, si ya kuletwa ofisini. Niliona aibu hata kuuliza. Nimekosea mengi kazini, lakini kosa hilo peke yake ndilo linaloniamsha usiku.

Nilisimama. "Baba zangu, nawaomba mtupishe. Kuna mtu anaumwa uchungu."

Wenzake waliondoka haraka. Mzee Msukwa hakugeuka. Aliuambia ukuta, "Niende wapi, mwanangu? Njia ni hiyo moja. Nikishuka nitakutana naye. Nikiingia ndani ndiko anakokuja. Nani alipanga hivi?"

"Ni mimi, baba."

Sikusubiri aseme.

Nilimkuta Tusekile nyuma ya jengo. Alikuwa amezunguka mahindi akitafuta mlango, na nyuma ya jengo langu hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta, umepigwa plasta safi, nilioukagua mwenyewe kwa pima maji na kuusifu, na juu yake dirisha la chumba kilekile alichokuwa akikitafuta. Alikuwa ameuegemea, anateleza taratibu kuelekea chini. "Mama, siwezi tena," alisema. Nikagonga kioo nikamwita Atupele. Akafungua, akaona, hakuuliza swali. Beseni likatoka dirishani, glavu zikatoka, blanketi likatoka, halafu yeye mwenyewe akatoka, mguu mmoja mmoja.

Mama mkwe wa Tusekile akavua kitenge chake cha juu, nikavua cha kwangu. Tukavishika, yeye pembe hii na mimi pembe ile, mbele ya ukuta. Ndicho chumba cha kujifungulia nilichompa mtoto wa watu siku ile, vitenge viwili na mikono yetu minne, baridi ikipenya chini. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, mweusi wa buluu, kimya. Atupele alimfungua, akamsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena. Niliomba Mungu waziwazi, kwa sauti. Sikuomba msamaha, niliomba tu alie.

Akalia. Sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini akalia.

Mama yake akawa anavuja damu. Atupele alimchoma sindano, kisha tukamnyanyua, wanawake watatu, tukampitisha dirishani hadi kitandani. Mtu aliyetoka kuzaa dakika kumi zilizopita, tunampitisha dirishani kama gunia la viazi. Damu ilipokoma, mama mkwe alikaa sakafuni na kuniangalia.

"Nyumba yenu ni nzuri," alisema. "Sisi tuliibebea mchanga. Ila mlisahau kwamba tuna wakwe."

Nililia mbele yake. Sioni sababu ya kuficha.

Mchana ule, Tusekile alipohamishiwa kitanda cha ukumbini na kulala, niliomba sululu. Andikeni hili, maana ni la ufundi: ukitaka kutoboa mlango kwenye ukuta uliokwisha, usitoboe penye ukuta mtupu. Tafuta dirisha. Ule mkanda wa zege juu ya dirisha, lenta, tayari umebeba mzigo. Unashuka tu chini yake, tofali kwa tofali, kwa upana uleule, na juu hupagusi. Ng'oa fremu kwanza, usiivunje, utaihitaji kwingine. Nilianza peke yangu, nikamaliza na wanaume wanane. Jioni kulikuwa na mlango, tumeuziba kwa turubai. Sikuwa na kibali cha mtu yeyote.

Barua ya kutakiwa kujieleza ilifika kabla plasta haijakauka. Kwa nini nimeharibu mali ya umma iliyokabidhiwa? Nilijibu kwa ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mchoro ulikuwa na kasoro, kwamba niliijua kasoro hiyo kutoka nyumbani kwangu na sikuisema, na kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi, kwa kuchelewa kuubomoa ukuta ule. Nilipewa onyo. Barua ya onyo nayo iko kwenye jalada, kama halijapotea mara ya tatu. Miezi miwili baadaye Atupele alinipigia. Safari hii hakulalamika kuhusu chumba kitupu. Alitaka kitanda cha pili.

Lakini mlango bila njia ni tundu tu, na aliyeliona hilo hakuwa mimi. Siku ya gulio Mzee Msukwa hakwenda gulioni. Alikuja na toroli la mawe bapa ya mtoni, akaanza kuyapanga kutoka kona ya njia, akizunguka mahindi hadi mlango wa nyuma. Alifanya hivyo wiki tatu, kila siku ya gulio, alfajiri kabla wanawake hawajafika kliniki. Akapanda matete pande zote mbili yawe ua. Nilipokwenda kumpelekea saruji akakataa, akasema mawe yakipangwa vizuri hayahitaji gundi. Alipoweka jiwe la mwisho alikung'uta mikono, akashukuru kwa lugha yao, "Ndaga. Sasa njia hii si yangu tena." Hakuikanyaga tangu siku hiyo.

Tangu hapo sijakubali mchoro wowote bila kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: hapa, nani hapaswi kukutana na nani? Ninyi mnachora kwa kompyuta, vizuri sana, mistari yenu imenyooka kuliko yangu. Ulizeni hata hivyo. Na msidhani mjini hakuna mambo hayo. Pale Tunduma nimewahi kuhamisha mlango wa choo cha soko hatua nne tu, kwa sababu ulitazama meza za mama lishe na hakuna mwanamke aliyekubali kuonekana akiuingia. Hatua nne zilitosha.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilipanda kule kuaga. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Kibaraza kilikuwa na mzee mmoja tu. Mzee Msukwa sasa anaona ukungu mtupu, anatembelea fimbo, lakini sauti yangu aliitambua. Nilikaa kando yake, nikamweleza kwamba kazi yangu imekwisha. Akaniuliza nitalima nini. Nilikuwa katikati ya kujibu aliponyanyua kidole ninyamaze.

Nyuma ya jengo, ndani ya matete, jiwe liligonga jiwe jingine. Mara moja, kisha hatua za polepole, kisha mlango.

Nami, fundi hadi mwisho, nikasema, "Baba, kuna jiwe limelegea kule. Nitamwambia kijana alishindilie leo."

"Usiliguse," alisema. "Nililiacha licheze kwa makusudi, tangu siku nilipolipanga. Mama wa nyumbani aliniambia alfajiri kwamba uchungu umeanza. Huyu ni mjukuu wa tatu. Mimi siwezi kumwuliza mkwe wangu kama amefika salama, na yeye hawezi kuniambia. Jiwe hilo ndilo linaloniambia."

Akarudisha mikono juu ya fimbo. Sikusema tena habari za kuaga. Nilikaa naye juani, muda mrefu, hadi mtoto alipolia, na mzee akafuta macho kwa kofia yake.